Meno Sabini na Matatu

Lali mwashi alikivunja kidaka cha tatu, nyumba ya Mtamwini,
akakikuta nyuma ya chokaa, kimeviringwa kitambaa cha mafuta,
akaja nacho dukani kwangu Langoni akitaka nikipime kilo.
Shaba ni shaba, alisema. Nikampa bei ya shaba,
na usiku ule sikulala.

Kisanduku cha kuenea kiganjani. Usoni mwezi wa fedha,
duara la buruji kumi na mbili zilizofifia,
na akrabu moja isiyoelekea popote.
Ndani, gurudumu moja tu, dogo, meno kumi,
limeganda kwa kutu ya kijani.
Mengine yametoka. Yamebaki matundu
na mikwaruzo ya mviringo pale yalipopita,
kama weupe wa kidole kilichovuliwa pete.

Mimi ni fundi saa. Nimezoea kilichosimama.
Kilichosimama hukwambia kimekwama wapi;
kilichopungua hakisemi, unakipimia ukimya.
Bikari kutoka tundu hadi tundu:
umbali ule ni jumla ya meno ya wawili waliokuwa wakiumana.
Themanini na mbili. Au themanini na tatu.
Unywele mmoja kati ya hesabu mbili,
na shaba iliyolika haili kiapo.

Lile dogo lina kumi; nikalipa jirani yake sabini na mbili.
Nani asingechagua hivyo?
Sabini na mbili hugawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa nane,
bikari huipenda, mkono hauchoki.
Nikapiga tupa siku nne. Nikapachika,
nikazungusha kwa kidole, jino moja siku moja,
akrabu ikatoka Mizani ikarudi Mizani
kwa siku mia tatu na sitini.
Ilizunguka bila kulia. Ilizunguka vizuri mno.
Uwongo uliotiwa mafuta hauna kelele.

Kisha akaja Somoe Shamuti wa Kiongwe, mkulima,
na saa ya ukutani inayopiga kumi na tatu.
Kisanduku hakukitazama. Alikuwa akigombana na simu:
"Leo mwongo wa mia mbili na thalathini, siku ya sita!
Mbegu hazishuki kabla ya arubaini, umenisikia?"
Alipokata nikamwuliza mwaka wa Nairuzi una miongo mingapi.
"Thalathini na sita," akasema, "na nusu.
Hiyo nusu ndiyo inayokula mbegu za wajinga."

Nusu.
Siku tano zisizotimia kuwa mwongo,
siku tano nilizozipangusa pamoja na vumbi la tupa
kwa kuwa ziliniharibia hesabu.
Miongo haikudanganya. Mwongo nilikuwa mimi.

Sabini na tatu haigawanyiki kwa kitu.
Kaidi, kokoto ndani ya kiatu.
Bikari huteleza; unakisia, unakosa,
unaligawa kosa lako kidogo kidogo kwa kila jino
hadi hakuna jino linalolibeba peke yake.
Mtu alikaa, pengine mtaa huu huu,
akalaani kama nilivyolaani.
Au hakukaa. Au alichonga sabini na mbili kama mimi,
na kila mwaka akaisogeza akrabu kwa ukucha.
Sina shahidi ila ule unywele.

Nimelichonga kwa kitako cha sufuria, jeupe,
ili ajaye asidhani ni la kale.
Ubavuni nimetia nukta: hapa ni mimi, si yeye.
Saa ya Somoe inapiga kumi na mbili. Amenilipa kibaba cha simsim.

Limebaki tundu moja, chini ya mwezi, karibu na ukingo,
safi, halina mkwaruzo.
Ama halikuwahi kushika kitu,
ama lilishika kitu kisichozunguka.
Leo mwongo wa mia mbili na arubaini, siku ya kwanza.
Somoe yu shambani.
Mimi nimeshika sindano, nalichungulia.